Karani wa Gunia la Unga

Siku Bwana Jalada alipostaafu, serikali ilimpa saa ya ukutani, cheti na mkono wa kwaheri. Jambo moja tu ilisahau kumwambia, kwamba kazi imekwisha. Basi huu ni mwaka wa sita, na kila siku saa kumi na moja alfajiri mtu mzima anaamka, ananyoa ndevu, anapiga pasi shati lenye mifuko miwili, anachomeka kalamu nyekundu mfuko wa kulia na ya buluu mfuko wa kushoto, kisha anakwenda kazini. Kazini kwenyewe ni hatua saba kutoka kitandani. Ni meza iliyo kwenye kona ya sebule, nyuma ya kochi, yenye maboksi mawili ya viatu. Moja limeandikwa ZINAZOINGIA, la pili ZINAZOTOKA. Zinazoingia ni bili ya maji na matangazo ya wauza magodoro. Zinazotoka hazipo, lakini boksi lake linafutwa vumbi kila Jumatatu.

Kama hukubahatika kufanya kazi ya ofisini, masijala ni kile chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha moja lisilofunguka, ambamo majalada yote ya idara hulala. Bwana huyu alikuwa mkuu wa masijala katika Idara ya Ujenzi kwa miaka mingi, hata watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Kila karatasi iliyoingia aliipa namba kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia, na hiyo ndiyo inayoitwa folio. Folio ikishapewa namba haichomolewi ovyo. Ikibidi itoke, labda mkurugenzi anaitaka, mahali pake panawekwa kikaratasi cha njano kinachosema nani kaichukua, iko wapi, na kwa sababu gani. Kwa vikaratasi hivyo Bwana Jalada aliwaliza makarani watu wazima wenye watoto wao. Aliwaambia, ukipoteza folio nitakusamehe, lakini ukiandika kikaratasi cha uongo utatafuta kazi nyingine kabla ya saa ya chai.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimrudisha nyumbani kutwa nzima, anayepata taabu ni mkewe. Jokofu lina jalada. Paa linalovuja lina jalada, tena nene kuliko yote, maana limejadiliwa miaka minne na halijazibwa. Watoto wao, ambao wameshaondoka na kuanzisha nyumba zao, kila mmoja ana jalada lake, na kifungua mimba ameapa hatalifungua la kwake hata kwa mtutu wa bunduki. Mwaka juzi mkewe alitaka kubadilisha mapazia ya sebuleni. Akaambiwa aandike dokezo, yaani ombi la kiofisi kwa maandishi. Mama wa watu akaandika dokezo, akalitia kwenye boksi la Zinazoingia, na baada ya wiki mbili likarudi na maneno mekundu: "Halikukubaliwa. Tusubiri." Wakati huo mapazia mapya yalikuwa yameshaning'inia siku kumi na mbili nyuma ya kisogo chake, na hakuwa ameyaona.

Huyo mkewe ni mama mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya kazi na maneno machache. Majirani humwita mpole. Mimi nasema mpole hakuwa hata kidogo. Alikuwa anasubiri jambo, na jambo lenyewe nitakueleza, lakini kwanza twende kwenye benchi la kinyozi.

Ikifika saa nne asubuhi Bwana Jalada anafunga ofisi, yaani anasukuma kiti ndani ya meza, na kuvuka barabara mpaka kwa kinyozi. Hapo hukutana na wastaafu wenzake. Yupo Mwalimu Mkuu, aliyefundisha nusu ya mji na mpaka leo anawasahihisha wote. Yupo fundi saa, ambaye macho yamemwishia lakini ulimi bado mkali. Kinyozi anawavumilia tu, kwani hawana nywele za kunyoa wala hawana pa kwenda. Wanapiga soga, wanasoma gazeti la jana, na kila baada ya siku mbili tatu, mtu akitaja chakula chochote kile, hata kama ni mkate mkavu, Bwana Jalada anakohoa. Akishakohoa ujue hadithi ya Wataliano inakuja.

Hadithi yenyewe, kama anavyoieleza yeye, ni hii. Zamani, Wataliano walipokuja kujenga daraja la mtoni, idara ilihitaji mtu mmoja mwenye akili zake wa kushughulika nao. Nani mwingine? Akaitwa yeye. Mkuu wa wahandisi, mzee wa masharubu, akampenda papo hapo na kumkaribisha mezani. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe na glasi za aina tatu. Zikaletwa tambi ndefu zenye mchuzi mwekundu wa nyanya na rihani, na juu yake jibini iliyokunwa laini. Maofisa wenzake zikawashinda, wakawa wanazifukuza kwenye sahani. Yeye akashika uma, akazungusha mara moja tu, tambi zikakaa. Wataliano wakapiga makofi. Kisha mpishi wao, Mtaliano mwenye kofia ndefu nyeupe, akatoka jikoni kuja kumpa mkono, naye Bwana Jalada akamshauri mpishi, kwa heshima zote, siku nyingine apunguze chumvi. Akifika hapo Bwana Jalada hutazama mbali, akasema kwamba tangu siku ile hajaonja tena chakula kile, na katika mji huu hakuna anayekijua.

Waliomsikia tangu ujana wake wanasema glasi ilianza ikiwa moja. Maofisa wenzake waliingia baada ya yeye kupandishwa cheo, na kofia ya mpishi ilirefuka sana baada ya kustaafu. Fundi saa humwuliza, uso mkavu kabisa, kama mwaka huu na waziri alikuwepo, na Bwana Jalada hufikiri kidogo kabla ya kukataa.

Ukweli ninao mimi, na niliutoa kwa mkewe mwenyewe. Wakati huo Bwana Jalada alikuwa karani mdogo wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye viatu vya kuazima. Kazi yake ilikuwa kupeleka jalada la daraja kambini likatiwe saini, halafu kulirudisha. Hakuna aliyemkaribisha mezani. Mhandisi wa kutia saini alikuwa amelala usingizi wa mchana, mlinzi akamwambia karani akasubiri nyuma, mlango wa jikoni. Pale mlangoni hapakuwa na kiti. Palikuwa na gunia la unga. Akakaa juu ya gunia, jalada mapajani.

Jikoni alikuwemo binti mmoja. Mpishi wa Kitaliano alikuwa ameugua akarudishwa kwao mwezi wa pili tu wa kazi, na huyo binti aliyekuwa akimmenyea vitunguu akabaki na masufuria yote na wahandisi kumi na mmoja wenye njaa. Kazi alikuwa ameiiba kwa macho. Alijua tambi zitolewe motoni zikiwa bado na kiini, kabla hazijalegea. Alijua nyanya zipikwe taratibu mpaka mafuta yapande juu, na rihani ichanwe kwa mkono dakika ya mwisho, isiguswe na kisu. Wahandisi walikula chakula chake siku ya kwanza wakanyamaza kimya, na mkuu wao akaandika kwao kwamba mpishi mwingine asiletwe. Basi binti akamwona yule karani kwenye gunia, anameza mate, akamwonea huruma, akampakulia.

Haya, njoo umwone bingwa wetu wa uma. Kwanza aliidhani jibini ni unga uliotimka kwenye gunia, akaipuliza, ikaruka yote ikatua kwenye jalada la serikali. Halafu akainua tambi juu kabisa kwa uma, akainua uso, akafungua mdomo, akawa anazishusha kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Mchuzi ukamtiririka kidevuni, ukaingia kwenye kola, ukadondokea jalada, na doa lake lipo mpaka leo kwenye folio ya nne. Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachukua kitambaa kibichi, akafuta jalada kwanza, kidevu baadaye, na karani akala sahani ile, akala na nyingine, akamalizia kwa kukwangua sufuria.

Juma lililofuata alirudi kambini na jalada ambalo halikuhitaji saini ya mtu. Juma la tatu vilevile. Mara ya nne binti akampa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amemwandikia jinsi chakula kile kinavyopikwa, hatua kwa hatua, na juu kabisa aliandika: "Kwa karani anayekaa kwenye gunia la unga, asije akafa njaa daraja likiisha." Chini akatia sahihi ya neno moja: "Mpishi." Kijana mwingine karatasi hiyo angeilalia chini ya mto. Huyu wetu aliipeleka masijala. Akaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba, folio ya saba katika jalada la daraja, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu kama alivyoona wakubwa wakiandika: "Mpishi ni yule binti. Lifuatiliwe." Akalifuatilia vizuri tu, maana mwaka haukuisha wakaoana.

Lakini kabla ya ndoa alipandishwa daraja la kazi, kichwa kikavimba. Ndugu zake walipouliza mchumba anafanya kazi gani, akaona haya kusema anawapikia wageni kambini, akasema ni karani. Akamwomba binti aache kazi. Akamwambia na lingine, kwa sauti ya kiofisi, kwamba habari za lile jiko ziishie huko huko. Binti akaitikia. Akaja, akazaa, akalea, na kwa miaka arobaini hakumpikia mume wake tambi hata siku moja. Si kwamba alinuna. Aliambiwa ziishie huko, zikaishia huko. Ila moyoni alijiwekea ahadi kwamba siku mumewe atakapomwomba kwa kinywa chake, au atakapomtaja mbele za watu kuwa yeye ndiye mpishi, basi atabandika sufuria. Hicho ndicho alichokuwa akikisubiri. Na miaka yote hiyo akikaa jikoni kwake alisikia, kutoka sebuleni, wageni wakielezwa habari za Mtaliano wa kofia ndefu.

Mwaka huu chama cha wastaafu kikatimiza miaka kumi. Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti, akaamua kuwe na mlo wa pamoja siku ya Jumamosi mchana, waume kwa wake, na mwanachama mmoja asimame aeleze jambo la maisha yake liandikwe kwenye kitabu cha chama. Akachaguliwa Bwana Jalada, aeleze la Wataliano. Bwana Jalada akavimba, na katika kule kuvimba akajichongea. Fundi saa aliuliza kwa sauti ya upole kama kuna ushahidi wowote, kwani kitabu ni kitabu. Naye bila kufikiri akajibu kwamba jalada zima la daraja analo nyumbani kwake, aliliokoa siku idara ilipotaka kuchoma makaratasi ya zamani, na humo kila kitu kimo, folio kwa folio. Mwalimu Mkuu akafurahi kweli. Akasema aje nalo, atalisoma mwenyewe mbele ya watu.

Alikuwa katikati ya barabara anarudi nyumbani ndipo folio ya saba ilipomjia kichwani. Pikipiki ikampigia honi mara tatu akiwa amesimama pale pale.

Juu ya hayo alikuwa amepewa kazi ya kutafuta mpishi wa kupika hizo tambi za Kitaliano siku ya mlo. Alasiri hiyo akakaa sebuleni analalama. Mpishi atamtoa wapi yeye, hoteli za mji huu zinachemsha tambi mpaka zinakuwa uji, nani katika mji mzima huu anaweza kupika chakula kile. Mkewe alikuwa mezani anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Unaniuliza mimi, baba watoto, au unasema tu?"

Jamani, swali gani tena jepesi kuliko hilo? Lakini Bwana Jalada aliona mbele yake kitabu cha chama, akaona benchi la kinyozi, akaona kofia ndefu ikianguka na kubingirika barabarani.

"Nasema tu," akajibu.

Mama akasema haya, akaendelea kuchambua mchele. Mwenyekiti akapelekewa taarifa kwamba mpishi hakupatikana, na wanachama watakula chakula chao cha kila siku.

Ijumaa, mkewe alipokwenda sokoni, Bwana Jalada akafunga mlango wa sebule, akafungua jalada la daraja. Folio ya saba hakuwa ameisoma miaka nenda miaka rudi. Karatasi imegeuka rangi, mikunjo inakaribia kukatika, lakini mwandiko umesimama palepale. Aliposoma pale pa kufa njaa daraja likiisha, alicheka peke yake, na kwa kitambo hivi moyo wake ukalegea kabisa. Angeishia hapo angekuwa mtu. Lakini akaliwaza benchi, akaiwaza sauti ya fundi saa, akaichomoa ile karatasi, akaikunja na kuitia mfuko wa kushoto wa shati.

Akafunga jalada. Akalifungua tena. Folio ya sita, kisha ya nane. Katikati pengo, kama jino lililong'olewa. Akaenda kunywa maji, akarudi, pengo lipo. Alijaribu kujiambia kwamba ataibadilisha ya nane iwe ya saba, mkono ukakataa. Mtu amefanya kazi moja maisha yake yote, mwili unajiendea wenyewe. Kufumba na kufumbua kikaratasi cha njano kiko mezani na kalamu inaandika. Aliyechukua: mwenye jalada. Ilipo: mfuko wa kushoto wa shati. Kufika kwenye sababu, akaandika "kwa matumizi ya ofisi," akakitazama kikaratasi, kikamtazama. Akakichana. Akachukua kingine, akaandika upya, na mahali pa sababu akaandika neno moja tu. Akakipachika kati ya sita na nane, akiomba Mwalimu Mkuu afunue kurasa mbili kwa mpigo. Mwalimu Mkuu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuruka hata nukta.

Asubuhi ya Jumamosi mkewe alimtandikia kitandani shati jipya lisilo na mfuko, zawadi ya kitinda mimba wao. Akalikataa. Akang'ang'ania lile la jana, lenye jasho, mradi kikaratasi kisije kikawa cha uongo. Mkewe akamtazama, akatazama ule mfuko uliotuna, akachukua mkoba wake wakatoka.

Chumba cha chama kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, na kina viti arobaini vya plastiki. Vyote vilijaa. Bwana Jalada akasimama akaeleza, na kwa kuwa watu walikuwa wengi akaongeza glasi ya nne. Makofi yakapigwa. Mkewe alikuwa mstari wa pili, mkoba mapajani, anatazama mbele. Kisha Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akafungua jalada, akaanza kusoma folio moja baada ya nyingine kwa ile sauti yake ya darasani. Kwenye folio ya nne akasimama, akauliza hili doa ni la nini. Akajibiwa ni la mvua. Akasema mvua nyekundu, akafunua ukurasa.

Alipofika penye kikaratasi cha njano hakukiruka.

"Folio namba saba imetolewa," akasoma. "Aliyechukua, mwenye jalada. Ilipo, mfuko wa kushoto wa shati. Sababu, aibu."

Mwalimu Mkuu akainua macho juu ya miwani, akayatua kwenye ule mfuko wa kushoto, na macho mengine yote yakafuata. Bwana Jalada akaufunika mfuko kwa mkono. Akafungua mdomo kusema kwamba hicho kikaratasi ni cha mambo mengine, lakini nyuma ya chumba alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wake, mmoja wa wale aliowaliza. Mzee yule akasema, taratibu sana, kwamba huyu bwana anamjua, kikaratasi cha uongo haandiki.

Mkewe akainuka. Akapita kati ya viti mpaka mbele, akaomba akione kile kikaratasi. Akakisoma mwenyewe, na kwenye lile neno la mwisho akakaa muda mrefu kuliko neno lenyewe linavyohitaji. Kisha akamnyooshea mumewe kiganja, kama unavyomnyooshea mtoto aliyeficha kitu. Bwana Jalada akatoa karatasi, akampa. Mama hakuifungua. Akampa mwenyekiti, akamwambia, "Soma, shemeji."

Mwalimu Mkuu akasoma yote. Karani wa gunia la unga, kufa njaa, nyanya, rihani isiyoguswa na kisu, sahihi ya mpishi, mhuri, tarehe, na yale maneno mekundu ya pembeni. Akarudia, "Mpishi ni yule binti." Akamgeukia Bwana Jalada, akauliza binti yupi.

Bwana Jalada akatazama sakafu. Akatazama dirisha. Akamtazama mkewe amsaidie, kama alivyozoea kusaidiwa kutafuta miwani na soksi na funguo, lakini safari hii mama hakumsaidia. Watu arobaini wanangoja.

"Huyu," akasema.

"Huyu ndiye nani? Sema vizuri, tunaandika."

"Mke wangu. Mpishi ni yeye." Akaongeza: "Kofia haikuwepo."

Mwalimu Mkuu akauliza na glasi je. Akakiri kwamba palikuwa na kikombe cha bati. Hapo chumba kikaangua kicheko, viti vikalia, fundi saa akafuta machozi, na yule karani wa zamani nyuma akacheka kicheko alichokitunza miaka ishirini. Aliyekuwa hacheki ni mama peke yake. Kile kikaratasi cha njano kilikuwa bado mkononi mwake.

"Miaka yote hii nilijua umesahau," akamwambia mumewe, si kwa sauti kubwa. "Nikasema mwanamume huyu, mambo mengi, kasahau tu. Kumbe hukusahau. Ulikuwa unanionea aibu."

Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Mama akawageukia wanachama, akawaambia Jumapili ya wiki ijayo wote wa benchi la kinyozi na wa kamati waje nyumbani kwake mchana, watakula. Mumewe alivyosikia hivyo akashusha pumzi, akadhani mambo yamekwisha.

Jumapili ikafika. Tangu asubuhi nyumba ilinukia nyanya na kitunguu saumu, na baadaye rihani, na Bwana Jalada alizunguka humo ndani kama mtu aliyepotewa na kitu. Mkewe hakumwita jikoni wala hakumfukuza. Meza ya sebuleni ilivutwa katikati, ikatandikwa kitambaa cheupe. Maboksi mawili ya viatu yalikuwa yamepelekwa stoo bila dokezo. Wageni wakaja, wakakaribishwa, wakakaa. Bwana Jalada, shati limenyooka, akaelekea kwenye kiti chake cha siku zote, pale mwisho wa meza, akamkuta fundi saa amekikalia na ameshajifunga kitambaa shingoni.

"Mahali pako ni pale," mkewe akamwambia, akamwonyesha kwa mwiko.

Mlangoni mwa jikoni palikuwa na gunia la unga, jipya, limesimamishwa ukutani. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Akaenda akakaa. Miguu ya mzee haijui tena kukaa juu ya gunia, akawa anateleza na kujivuta. Akaletewa sahani yake mapajani. Mezani walianza kula, na baada ya tonge la kwanza mazungumzo yakakatika, hata Mwalimu Mkuu akakosa la kusahihisha.

Bwana Jalada akazungusha uma. Tambi zikadondoka. Akazungusha tena, zikadondoka. Basi akaziinua juu, akainua uso, akazishusha, mchuzi ukamtiririka kidevuni na kuingia kwenye kola, kama vile haikupita hata siku moja katikati. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Ladha ilikuwa ni ile ile. Ile aliyowaambia watu arobaini kwamba haipo, aliyoilalamikia nusu ya maisha yake, ilikuwa inalala upande wa pili wa kitanda chake. Machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, mmoja una sahani na mwingine una uma.

Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Wageni walipokuwa wanaongezewa, mkewe akaja na jalada la daraja. Folio ya saba ilikuwa imerudi mahali pake. Akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa kulia wa mumewe, kalamu ambayo katika nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kuigusa, akaandika chini ya yale maneno ya zamani: "Limefuatiliwa. Limechelewa miaka arobaini. Mpishi." Kisha akatoa mhuri wa mezani kwa mumewe kwenye mfuko wa aproni, akamwambia agonge. Bwana Jalada akagonga.

Halafu akainua sahani tupu kwa mikono miwili. Sauti yake ilitoka ndogo, wala haikuwa ya kiofisi.

"Mke wangu, naomba uniongezee."

Mama akasimama. Maneno hayo ndiyo aliyoyasubiri tangu enzi za daraja, na sasa yamekuja, yakiwa na mchuzi kidevuni. Akaitazama sahani, akamtazama mtu mwenyewe.

"Andika dokezo," akasema, akarudi mezani kwa wageni wake.